Muulize Fundi: Pikapu ya dizeli iliyotumika, niangalie nini kabla sijatoa hela?

Mwezi huu barua za pikapu zimekuwa nyingi, nadhani ni kwa sababu watu wameuza mazao na hela ipo mkononi. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana mwenye barua bado hajalipa, na mtu ambaye hajalipa ndo bado anasaidika.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mkulima wa viazi na parachichi huku Makambako. Mimi na mke wangu tumejichanga miaka minne tumefikisha milioni 27, tunataka pikapu ya dizeli dabo kabini ya kupeleka mbolea shambani na kurudi na mzigo, na huku mvua ikianza njia ni tope tupu. Dalali ameniletea mbili. Moja ni Hilux ya zamani ya 1999 injini 3L, bodi imechoka, ina puti mlangoni. Nyingine ni Hilux Vigo D-4D ya 2007, inang'aa, dashibodi inasoma kilomita 96,000 na dalali anasema ilitumiwa na mzee mmoja Japani. Bei zao zimekaribiana sana. Moyo wangu uko kwenye Vigo ila shemeji ananiambia nisithubutu. Nisaidie fundi, hela hii ikipotea sina nyingine. – Mkulima, Makambako

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni wewe na shemeji yangu hapo nyumbani kwa kujichanga miaka minne, si kitu kidogo.

Naanza na huyo mzee wa Japani. Toyota waliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na hawakuirudisha sokoni kwao mpaka 2017. Sasa Vigo, yaani toleo la Hilux lililofuata, imeanza kutoka baada ya hapo, kwa hiyo Vigo ya 2007 haiwezi kuwa ilinunuliwa na mzee wa Japani dukani kwao halafu ikaja kwetu. Vigo zilizopo huku zimetoka Thailand, Afrika Kusini, Uingereza, au ziliuzwa mpya hapa hapa kwa makampuni na miradi. Sisemi gari ni mbovu, inawezekana ni nzima kabisa, nachosema ni kwamba hiyo historia uliyopewa siyo yake, na kama historia siyo yake basi hata hizo kilomita usizishike. Muulize imetoka nchi gani na akuonyeshe makaratasi ya kuingilia bandarini. Ikiwa ni ya Thailand kumbuka 2011 kule kulikuwa na mafuriko makubwa na magari mengi yalilala majini, nusa kapeti chini ya kiti, vuta mkanda wa siti mpaka mwisho wake uone kama una mstari wa matope, angalia reli za viti na skrubu chini ya dashibodi kama zina kutu. Ikiwa ni ya Uingereza shida yake ni chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi, inakula chesisi kutokea ndani, na hapo rangi ikipigwa juu huoni kitu.

Kilomita nazo zipigie hesabu ya kawaida tu. Kilomita 96,000 kwa gari yenye miaka 15 na kitu ni kama 6,000 kwa mwaka, yaani kilomita 16 kwa siku. Pikapu gani ya dizeli inatembea kilomita 16 kwa siku? Pikapu inanunuliwa ifanye kazi. Angalia raba za pedali, hasa ya klachi, angalia usukani pale mkono wa kulia unaposhika, angalia siti ya dereva upande wa mlangoni, hivi vitu vinasema ukweli kuliko dashibodi. Raba ya klachi ikiwa imelika mpaka chuma kinaonekana hiyo gari imevuka laki mbili zamani. Au imebadilishwa raba mpya kabisa wakati kila kitu kingine ni kizee, jiulize kwa nini.

Sasa tuje kwenye injini maana hapo ndo maamuzi yako yalipo. Kuna kibao cha chuma kwenye gari, mara nyingi ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kina herufi na namba za modeli. Ikianza na LN ujue ni injini za L, yaani 2L, 3L, 5L, dizeli za kizamani. Ikianza na KZN ni ile 1KZ ya tabo. KUN ni D-4D, 2KD ya 2.5 au 1KD ya 3.0, na ikianza na GUN ni hizi mpya za kuanzia 2015. Herufi mbili tatu tu lakini zinakuambia utakuwa unaongea na fundi wa aina gani miaka kumi ijayo.

3L ni cc 2,779, haina tabo, haina kompyuta ya kuisimamia, pampu ni ya kizungusho na nozo, yaani vile vinavyopuliza dizeli ndani ya injini, zinafunguka kwa presha ya kama bar 150 hivi. Haina mbio, ukipakia ukakuta mlima utashuka gia na utasubiri. Lakini fundi yeyote Makambako, Ilembula, Wanging'ombe anaijua kwa macho, nozo zinapimwa na kurekebishwa mjini kwa siku moja, na spea zake zipo mpaka kwenye maduka ya vijijini. D-4D ina nguvu, inakula mafuta vizuri, inakaa barabarani vizuri, ila inafanya kazi kwa komoni reli, yaani bomba moja la presha linalolisha nozo zote, presha inavuka bar 1,000, na nozo zake zinafunguliwa na umeme. Hizo hazitaki uchafu wala maji kwenye mafuta, na ikifika kubadilisha zote nne bei yake inauma kweli kweli.

Halafu kwenye 1KD kuna ugonjwa ambao nataka uujue kabla hujaenda kuangalia. Chini ya kila nozo kuna washa ya shaba. Ikichoka, moto wa kwenye silinda unaanza kupenya kidogo kidogo kwenda juu chini ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini, masizi yanachanganyika na oili yanakuwa kama lami, yanashuka mpaka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio ambalo pampu ya oili inanyonyea. Taa ya oili inakuja kuwaka injini ikiwa tayari imenoki. Nimeshafungua sampu za namna hiyo, chujio lote limefunikwa jeusi, ukilikwangua kwa kidole linatoka kipande kipande kama ukoko wa sufuria. Kwa hiyo ukienda kwenye hiyo Vigo, mwambie muuzaji unataka sampu ishushwe au angalau fundi wako apate kuchungulia kupitia tundu la drein pulagi la kumwagia oili, na uulize washa za nozo zilibadilishwa lini. Akikataa, umeshajibiwa.

Sasa namna ya kuikagua injini yenyewe, na hii inahusu zote mbili. Nenda asubuhi, saa kumi na mbili au saa moja, bila kutoa taarifa ya mapema sana. Kabla hajawasha, weka kiganja chako juu ya tapeti kava. Ikiwa ya moto, mtu ameiamkia kabla yako. Mwambie utarudi kesho, na kweli rudi kesho. Injini ya dizeli iliyochoka inajificha vizuri sana ikishapata moto, ugonjwa wote unaonekana dakika tano za kwanza tu.

Hili nimelilipia mimi mwenyewe. Mwaka 2009 nilinunua pikapu ya 1KZ, nilifika kwa muuzaji saa saba mchana, nikaikuta inanguruma, nimeizunguka nikaridhika nikalipa. Wiki ya pili nimepakia mabati na saruji kutoka Dar, nimefika Kitonga niko nyuma ya malori, katikati ya mlima mshale wa joto ukaanza kupanda, nikasimama, nikasikia maji yanachemka kwenye chupa ya akiba kama birika. Ilikuwa hedi imepasuka katikati ya vavu, na kwa jinsi ufa ulivyokuwa umejaa masizi ulikuwepo siku nyingi, muuzaji alikuwa anajua. Nililala pale na mzigo wa watu. Hedi na kazi yake vilikula kama theluthi ya bei niliyonunulia gari. Ningeishika asubuhi ikiwa ya baridi ningeona, maana injini yenye hedi mbovu ukiwasha ikiwa baridi ukashika mpira wa juu wa rejeta, unakuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, maji bado ni ya baridi kabisa lakini mpira umejaa presha. Hiyo presha inatoka kwenye silinda. Mpira mzima unabaki laini mpaka maji yapate moto.

Kwa hiyo ukiwasha asubuhi fanya hivyo, shika mpira. Alafu fungua mfuniko wa oili, ugeuze uuweke juu ya tundu lake bila kufunga. Ukitetemeka tu sawa. Ukirushwa, ukiruka ruka, na moshi unatoka hapo kama kinywa cha mtu asubuhi ya Njombe, injini inapumua, ringi zimechoka, unanunua ovahoo. Angalia chini ya mfuniko kama kuna utelezi mweupe kama maziwa, hiyo ni maji yameingia kwenye oili. Moshi wa nyuma nao usome: mweupe kidogo wakati wa baridi ukapotea ni kawaida kwa 3L ya umri huo, mara nyingi ni plagi za kupasha zimechoka na hizo si bei. Wa bluu unaoendelea ni oili inaungua. Mweusi ukikanyaga sana ni nozo au chujio la hewa, unaweza kurekebishika. Mweupe usioisha huku rejeta inapungua maji, achana nayo.

Belti ya taiming, ile inayofanya vavu na pistoni ziende pamoja, usiisahau. Kwenye Hilux hizi kuna taa ya T-BELT kwenye dashibodi, inawaka kwa kuhesabu kilomita, haijui belti yenyewe ikoje, na kilomita zikirudishwa nyuma taa nayo inadanganyika. Kwa injini za L belti inabadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika vavu zinapigana na pistoni. Mimi huwa nasema gari yoyote ya mkononi ambayo huna risiti ya belti, weka belti mpya wiki ya kwanza, usibishane na mtu.

Chini ya gari ingia mwenyewe na nguo mbovu, beba spana nzito. Gonga chesisi kuanzia mbele mpaka nyuma, hasa pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma na pale vishikio vya springi vilipochomelewa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye mchanga. Angalia welding mpya iliyopakwa rangi nyeusi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye reli ya kulia mbele karibu na tairi, isome kwa tochi ulinganishe na kadi herufi kwa herufi. Puti ya mlangoni isikutishe, mlango haubebi viazi. Foo wili ijaribu kwenye udongo siyo kwenye lami, weka loo, ile gia nzito ya foo wili, panda kilima kidogo, sikiliza kama inaruka au inalia. Wewe wa tope hiyo ndo gari yako, bila foo wili hiyo dabo kabini ya nini.

Nikikujibu moja kwa moja: kama ile ya 1999 itapita asubuhi ya baridi, chesisi nzima, foo wili inashika, chukua hiyo, na usimalize milioni 27 kwenye bei. Bakiza angalau nne. Belti, oili zote, filta zote, maji ya rejeta, bushi, breki, tairi mbili, hizo zitaisha mwezi wa kwanza na ndizo zitakazofanya gari ikae na wewe. Shemeji yako anakupenda, msikilize.

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Nafanya biashara ya viazi kutoka Njombe kwenda mnadani, kila safari nabeba magunia 18 mpaka 20. Sasa hivi nakodi. Nataka Hilux singo kabini ya dizeli niongeze springi za nyuma nibebe mwenyewe, ipi itahimili? – Mfanyabiashara, Njombe

JIBU: Salama kaka. Hakuna itakayohimili, na nakwambia hivi kwa sababu nakuheshimu. Hilux inabeba tani moja hivi. Gunia la viazi la kilo 100 ukichukua kumi tani imeisha, na tunajua gunia la viazi linavyofungwa, lumbesa moja inaweza kuvuka hapo kwa mbali. Magunia 20 ni tani mbili na zaidi. Ukiongeza springi umeongeza uwezo wa springi tu. Ekseli ni ile ile, beringi za magurudumu ni zile zile, breki ni zile zile, chesisi ni ile ile, na chesisi ya singo kabini iliyobebeshwa hivyo huwa inapasuka nyuma ya kabini pale bodi inapoanzia. Ukikuta singo kabini ya mkononi yenye springi zilizoongezwa na welding eneo hilo usiinunue, ilishafanya hiyo kazi unayotaka kuifanya.

Tafuta Kanta ya tani mbili au tatu. Ina kelele, haina raha, lakini hiyo ndo kazi yake na mafundi wake wamejaa kila njia panda ya barabara ya Zambia.

SWALI: Habari fundi, mimi niko Kitale, Kenya. Niko na ng'ombe wa maziwa na nachukua pia maziwa ya majirani kupeleka kwa kuula, yaani mahali pa kupoza maziwa, kama kilomita 60 kila siku, nusu yake ni barabara mbaya. Makanika wangu ananiambia ninunue Isuzu D-Max, jamaa zangu wanasema Hilux peke yake. Pesa yangu inatosha D-Max ya miaka kumi hivi ama Hilux ya zamani kuliko hiyo. – Mama wa maziwa, Kitale

JIBU: Nzuri sana mama, karibu. Hapo kwenu mimi naenda na makanika wako, na sababu si kwamba D-Max ni bora kuliko Hilux kila mahali. Sababu ni kwamba Isuzu zinaunganishwa pale Nairobi, kwa kampuni ambayo mpaka 2017 ilikuwa inaitwa General Motors East Africa, kwa hiyo spea na mafundi wake wamefika mpaka huko Trans Nzoia. Halafu kuna jambo ambalo linakusaidia sana. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyotumika yenye zaidi ya miaka minane. Ina maana D-Max ya miaka kumi unayoiona sokoni haikuingizwa juzi, na kuna uwezekano mkubwa iliuzwa mpya hapo hapo Kenya, ikatumika na kampuni, shamba, au shirika, na hizo nyingi zilikuwa zinapelekwa sevisi kwa wakala. Basi ulizia hiyo rekodi ya sevisi, chukua namba ya chesisi muulize wakala kama gari hiyo ilikuwa inafika kwao na mara ya mwisho ilikuwa kilomita ngapi. Hilo watu wengi hawalifanyi na linamaliza ubishi wote wa dashibodi.

D-Max zenye injini za 4JJ1 na 4JK1 zinatumia cheni badala ya belti, kwa hiyo hakuna gharama ya kila kilomita laki, ila cheni nayo inaishi kwa oili safi. Ukiwasha asubuhi ukasikia mlio wa chuma kinachosugua upande wa mbele wa injini unaoendelea zaidi ya sekunde chache, hapo oili haikubadilishwa kwa wakati. Hizi nazo ni komoni reli, filta ya dizeli badilisha kabla ya muda wake, na maji kwenye sedimenta, kile kikombe kinachotenga maji na dizeli, yamwage kila wiki. Logbuku hakikisha ina jina la huyo anayekuuzia, fanya utafutaji kwenye eCitizen kabla hujatuma hata shilingi ya kushikia, maana magari mengi ya umri huo bado yana jina la benki juu yake.

Na mama, kwa kazi ya maziwa kila siku hata siku moja gari ikilala maziwa yanamwagika. Kwa hiyo nunua ile ambayo makanika wako mwenyewe ataamka usiku kuitengeneza.

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Sumbawanga vijijini, nina Hilux D-4D nilinunua mwaka jana ilikuwa nzima kabisa. Sasa inakosa nguvu, asubuhi inachelewa kuwaka, fundi wa hapa anasema nozo. Huku hatuna kituo karibu, nanunua dizeli ya kwenye madumu. Je, ni mafuta au niliuziwa mbovu? – Mwalimu, Rukwa

JIBU: Marahaba mwalimu. Kwa maelezo yako ni mafuta, na nakuonea huruma maana wengi wenye D-4D vijijini wanapita njia hiyo hiyo. Dizeli siyo ya kuungua tu, yenyewe ndo inalainisha pampu na nozo. Ikichanganywa na mafuta ya taa ulainifu unapotea na vyuma vinasagana. Hii ya kuchakachua ilikuwa imezidi mpaka EWURA, wadhibiti wa nishati na maji Tanzania, wakaanza kuweka vinasaba, yaani kemikali ya alama ya kugundua uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Lakini dumu halina vinasaba vya kulilinda, likishatoka kituoni kinachoingia humo anakijua mwenye dumu, na hata akiwa mwaminifu dumu linaachwa wazi, mvua inanyesha, vumbi linaingia.

Kabla hujabadilisha nozo, vua filta ya dizeli, mimina iliyomo kwenye chupa ya maji isiyo na rangi, iache itulie saa moja juani. Maji yatakaa chini na dizeli juu, utaona mstari kabisa, na uchafu utaona umelala chini ya maji. Ukikuta hivyo shusha tangi lioshwe kwanza, weka filta halisi, ndo upime nozo. Ukiweka nozo mpya na tangi chafu utarudi pale pale ndani ya miezi. Nozo zipelekwe Mbeya kwenye mashine ya kupimia, usikubali kubadilisha zote nne kwa kusikiliza mlio, mara nyingine ni moja au mbili tu zinazorudisha mafuta kupita kiasi.

Kwa siku zijazo nunua pipa lako mwenyewe, lijaze kituoni ukienda mjini, liache litulie siku mbili, usinyonye chini kabisa, acha vidole vinne vya mwisho. Kama njia hiyo haiwezekani, kwa kweli mwalimu, hiyo gari muuzie mtu wa mjini ikiwa bado nzima ununue ya injini ya L. Utapoteza spidi na utaacha kukesha.

SWALI: Fundi, kuna mnada wa magari ya mradi uliofungwa, Land Cruiser pikapu tatu za 1HZ na Hilux mbili. Magari yamekaa uwanjani zaidi ya mwaka, betri zimekufa, wanaruhusu kuangalia tu siku moja kabla, hakuna kuendesha. Nijaribu bahati? – Msomaji, Dodoma

JIBU: 1HZ ni injini ambayo ningeishauri nikiwa nimefumba macho kuliko zote, silinda sita, cc 4,164, haina tabo, ipo tangu 1990, na watu wanazizungusha mpaka laki tano. Na magari ya miradi mara nyingi yalipata sevisi nzuri hela ilipokuwepo. Tatizo ni miaka miwili ya mwisho, hela ya mradi ikiisha sevisi ndo ya kwanza kukatwa, na madereva wakijua gari inakwenda mnadani kuna vitu vinahamishwa. Nimeona Land Cruiser imekuja kwenye mnada na pampu ya gari nyingine, na difu ya mbele ndani hakuna kitu.

Siku ya kuangalia nenda na fundi, tochi, spana za kufungua drein pulagi, na kitambaa cheupe. Omba ruhusa ya kuchomoa dipstiki ya oili na mfuniko wa rejeta. Maji ya rejeta yakiwa na kutu nyekundu hawakuweka kulanti. Zungusha injini kwa mkono, weka soketi kwenye boliti ya krenki mbele uivute taratibu, mizunguko miwili kamili. Ikizunguka, ukasikia inapumua kwa kila silinda, ipo hai. Ikigoma kabisa, achana nayo hata kwa bei ya chuma chakavu. Tikisa propela shafti mbele na nyuma, angalia kama pampu na nozo zina vumbi la zamani lililolingana na injini yote. Nati zinazong'aa kwenye injini yenye vumbi maana yake mtu alifungua karibuni, muulize alichukua nini.

Kadi nayo. Uliza kabla ya mnada nani anakabidhi kadi na kwa muda gani, msamaha wa kodi wa mradi umemalizwa au utaangukia kwako, na ukiandika namba ya gari mtandaoni faini za barabarani zinaonekana, ziangalie zote. Bei yako ya juu iandike kwenye karatasi nyumbani ukiwa umetoa humo betri mbili, tairi tano, oili zote, belti na siku tatu za fundi, na ukifika kwenye hiyo namba nyamaza, hata kama jirani yako anaendelea kupandisha.